Asilimia Imepanda, Kilo Hazijapanda: Kinachosomwa Vibaya Kwenye Hesabu ya Wakulla

Tangu Julai 2023 kule Florida, Marekani, ukitaka kujenga kwenye eneo ambalo jimbo limeliwekea mpango wa kuokoa chemchemi au mto, kiwanja chako kikawa ekari 1 au chini ya hapo, na bomba la maji taka halijafika, huwezi tena kufukia septiki ya kawaida (tangi la maji ya choo la nyumbani) tu ukamalizana nayo. Sheria inataka mfumo unaopunguza nitrojeni, kirutubisho cha kwenye maji taka kinacholisha mwani, angalau kwa 65%, na mfumo huo bei yake sio ya mchezo. Moja ya maeneo hayo ni bonde la chemchemi ya Wakulla, kusini mwa mji wa Tallahassee, na lalamiko la watu wa huko ukilisikiliza vizuri ni lalamiko ambalo mtu yeyote angelitoa: mji mzima ulimwaga maji yake ya vyooni ardhini miaka na miaka, ukaharibu chemchemi, leo mji umeshasafisha mtambo wake ndo mnakuja kuhesabu choo changu chenye watu watatu? Tena mnasema sisi wa septiki ndo karibu nusu ya tatizo, mbona zamani hamkusema hivo?

Mimi naona lalamiko lina haki upande mmoja na limekosea hesabu upande mwingine, na kosa lenyewe sio la wananchi peke yao, wanaotoa takwimu nao wamechangia. Asilimia ya mtu inaweza kupanda bila yeye kuongeza hata gramu moja. Na hii namba tunayoiita kiasi cha nitrojeni kinachofika mtoni haipimwi kama unavyopima homa, inakadiriwa, na ndani ya makadirio hayo kuna namba moja inayobeba mzigo wote nayo ni ile ya kinachopotea njiani. Asiyejua hiyo namba imetoka wapi atabishana mpaka kesho na hatajua anabishania nini.

Turudi nyuma kidogo. Wakulla ni moja ya chemchemi kubwa kabisa duniani, maji yanatoka kwenye mapango ya mwamba wa chokaa na hapohapo yanakuwa mto, Mto Wakulla, unaokwenda kuungana na Mto St. Marks kabla ya kuingia Ghuba ya Meksiko. Tallahassee iko juu kidogo upande wa kaskazini. Tangu 1980 mji ulikuwa unapeleka maji taka yaliyosafishwa kwenye shamba kubwa kusini-mashariki, yananyunyiziwa mazao kwa mitambo ile inayozunguka shambani kama mshale wa saa, na wazo lilikuwa zuri tu, mmea unakula nitrojeni, udongo unachuja kilichobaki, maji safi yanarudi ardhini. Hakuna aliyekuwa anamwaga kinyesi mtoni. Ila neno "yamesafishwa" ndo limedanganya watu wengi. Mtambo wa kawaida unatoa uchafu unaooza, unaua vijidudu, maji yanatoka meupe kabisa ungeweza kunawa, lakini nitrojeni iliyoyeyuka inabaki humo ndani haionekani wala hainuki. Maji ya Tallahassee yalikuwa yanatoka na kama miligramu 12 za nitrojeni kwa kila lita. Kwenye chemchemi, nitreti (umbo la nitrojeni linaloyeyuka kwenye maji) ambayo miaka ya 1970 ilikuwa kama 0.2 ilipanda mpaka kama 1 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kipi kilithibitisha kwamba maji ya shamba lile ndo yanayofika chemchemi? Rangi. Mwaka 2006 wataalamu walidumbukiza rangi kwenye maji ya chini ya ardhi pale shambani, wakakaa kwenye mdomo wa chemchemi wakingoja, na ndani ya miezi kama miwili rangi ikatokea, zaidi ya kilomita 15 kutoka pale. Mtu aliyezoea kusikia kwamba maji ya ardhini yanatembea sentimita chache kwa siku hapo anakaa chini kwanza. Chokaa ikishaliwa na maji inabaki na mifereji na mapango, kwahiyo usifikirie sponji, fikiria bomba ambalo hakuna aliyelichora. Mwaka 2010 shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, USGS, likatoa ripoti yenye modeli ya kompyuta iliyofuatilia nitreti ya bonde zima kuanzia 1966 na kuitabiria mbele mpaka 2018, maji ya mji, tope la mtambo, mbolea, mifugo, mvua, septiki, vyote ndani. Mji nao ukakubali yaishe, ukatumia zaidi ya dola milioni 200 kuujenga upya mtambo ili maji yatoke na miligramu 3 badala ya 12, na nitreti ya chemchemi imeshuka kwa karibu nusu au zaidi ukilinganisha na kile kilele. Lengo la jimbo kwa mto ni 0.35.

Sasa ile hesabu. Naomba uivumilie kwa sababu bila hii mengine yote ni kelele. Chukua mtambo wa ukubwa wa aina ile, tuseme lita milioni 70 kwa siku (namba za mfano, nimezifanya za mviringo). Kwa miligramu 12 kwa lita hizo ni kilo 840 za nitrojeni kila siku, kama tani 307 kwa mwaka. Upande wa pili weka nyumba 10,000 zenye septiki, kila moja watu 4. Mtu mmoja anatoa kama kilo 4 za nitrojeni kwa mwaka, kwahiyo nyumba zote hizo ni tani 160. Halafu inakuja namba ya njiani. Zana ya jimbo la Florida ya kuorodhesha vyanzo vya nitrojeni inachukulia kwamba maji ya kunyunyizia shambani yanapoteza 60% kabla ya kufika maji ya ardhini, septiki inapoteza 50%. Piga: mji tani 123, septiki tani 80. Mji ni 61%, septiki 39%. Mji unashusha kutoka 12 mpaka 3, sasa anafikisha tani 31 tu. Septiki bado 80. Ukigawanya upya septiki imekuwa 72%! Hakuna mtu aliyejisaidia zaidi ya jana. Hakuna nyumba iliyoongezeka. Kilichotokea ni kwamba aliyekuwa amesimama mbele na mwili mkubwa kaondoka, aliyekuwa nyuma yake ndo anaonekana.

Ndo maana takwimu za jimbo zilipokuja kusema septiki ni takriban nusu ya nitrojeni inayoingia ardhini kwenye bonde lile, watu wakasikia "nyie ndo mliofanya" wakati takwimu ilikuwa inasema "nyie ndo mliobaki". Na tofauti ya hayo mawili kwenye siasa ni kubwa mno. Kama ningekuwa afisa ninayepeleka habari hiyo kwenye mkutano wa wananchi nisingepeleka duara la keki lenye vipande vya rangi hata kidogo, ningepeleka nguzo mbili za tani, ya kabla na ya baada, kila mtu ajione nguzo yake haijasogea. Duara siku zote linajaa, hata uchafu ukipungua mara kumi, na lazima ndani yake apatikane mwenye kipande kikubwa.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakasema hizo asilimia za njiani zimebuniwa ofisini. Hapa kidogo nawasikiliza, kwa sababu swali ni la haki. Utajuaje kilichopotea njiani wakati njia yenyewe iko chini ya ardhi? Zipo mbinu, na nzuri kuliko zote kwangu ni ile rahisi ya chumvi. Maji taka yana kloraidi, na kloraidi hailiwi na bakteria wala haigeuki kuwa gesi ikaruka, ikipungua kwenye kisima cha mbele maana yake imechanganyika na maji mengine tu. Kwahiyo kama pale yanapoanzia maji yana kloraidi 60 na nitrojeni 12, na kisima cha chini kina kloraidi 30 na nitrojeni 4, unajua maji yamezimuliwa nusu, nitrojeni ilipaswa kuwa 6, ile 2 iliyokosekana ndo bakteria wameila, yaani theluthi moja. (Unatoa kwanza chumvi ambayo maji ya pale yalikuwa nayo kiasili, ukisahau hilo umeharibu kila kitu.) Wapo pia wanaotafuta ile sukari ya bandia ya kwenye soda za daieti, sukralosi, maana inapita kwenye mwili wa mtu bila kuguswa na inapita kwenye mtambo karibu vilevile, ukiikuta kisimani huna haja ya kuuliza, hayo maji yalishapita kwa binadamu.

Tatizo ni kwamba alama zote hizi zinakwambia "binadamu", hazikwambii binadamu yupi. Nitrojeni nzito, ile isotopu ya 15, inasaidia kutenganisha mbolea ya kiwandani na kinyesi, lakini choo cha mjini na choo cha kijijini vina kinyesi kilekile, alama ya vidole ni moja. Na bakteria wakishaanza kula nitreti wanachagua ile nyepesi kwanza, inayobaki inazidi kuwa nzito, kwahiyo hata mbolea iliyotembea sana inaweza kuanza kufanana na choo. Ndo maana mwisho wa siku kugawa lawama kati ya mji na septiki kunarudi kwenye daftari: nyumba ngapi, watu wangapi, kilo ngapi, halafu unakata asilimia. Sio uongo ila ni makadirio, na makadirio yanatakiwa yatembee na upana wake. Chukua mfano wetu uleule useme septiki haipotezi 50%, inapoteza 70%. Zinafika tani 48. Useme inapoteza 30% tu, jambo ambalo kwenye udongo mwembamba juu ya chokaa silioni la ajabu, zinafika 112. Kutoka 48 mpaka 112 ni mara mbili na zaidi, ugomvi mkubwa! Lakini angalia, ukiweka pembeni ya tani 31 za mji, septiki inakuwa 61% kwa makadirio ya chini na 78% kwa ya juu. Namba inayumba, uamuzi hauyumbi. Ningependa ripoti za jimbo ziwe zinachapa hivo, chini na juu, badala ya namba moja kavu inayojifanya imepimwa kwa mizani.

Hoja nyingine ni ya muda, kwamba mtambo umeshajengwa, fedha zimekwisha, mbona chemchemi haijarudi kuwa ile ya mababu? Hii ina jibu la kitaalamu na ni jibu la kuudhi. Rangi ilichukua miezi miwili kwa sababu ilipita kwenye mifereji mikubwa. Lakini sio maji yote yanapita huko, mengine yamelowa ndani ya mwamba wenyewe kwenye vitundu vidogo, yanatoka taratibu kwa miaka na miaka, na udongo wa shamba nao una akiba yake ya nitrojeni ya zamani. Kwahiyo ukifunga bomba, nitreti inashuka haraka mwanzoni watu wanashangilia, halafu inaanza kujikokota. Tena kuna kitu watu wanachanganya sana pale Wakulla, zile boti za kioo chini ambazo watalii walikuwa wanatazamia kina cha chemchemi, siku hizi ni nadra kwenda kwa sababu maji ni ya hudhurungi. Ule weusi kwa sehemu kubwa ni maji ya majani yaliyooza yanayoingia mapangoni kupitia mashimo ya ardhini, rangi ya chai kabisa, na mtambo wa dola milioni 200 haukujengwa kwa ajili ya hiyo. Mtu akipima mafanikio ya mtambo kwa kuangalia kama boti inakwenda, anapima homa kwa rula.

Halafu ipo hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopendwa kuliko zote: maji ya kunywa Marekani yanaruhusiwa nitreti mpaka 10, mto unatakiwa 0.35, yaani mto uwe msafi mara 28 kuliko maji ninayompa mwanangu? Inavutia kweli. Ila ile 10 iliwekwa kwa ajili ya damu ya watoto wachanga, kwa sababu nitreti ikizidi inazuia damu yao kubeba oksijeni. Haikuwekwa kwa ajili ya mwani. Mwani hauna haja ya kuzidiwa, unahitaji kulishwa tu, na kwenye chemchemi angavu yenye jua la Florida kiasi kidogo sana kinatosha kuufanya ufunike nyasi za chini ambazo samaki na konokono wanategemea. Kulinganisha namba hizo mbili ni sawa na kuuliza kwa nini chumvi ya mchuzi ni kijiko kimoja wakati dukani wanaruhusu kuuza gunia.

Jambo hili limetoka kwenye maabara limeingia mahakamani, na sidhani kama wengi wameona uzito wake. Kule Lahaina, kisiwa cha Maui, Hawaii, mtambo wa kaunti unadidimiza maji yaliyosafishwa kwenye visima virefu kama nusu maili kutoka baharini. Kaunti ilisema sisi hatumwagi baharini, tunamwaga ardhini. Julai 2011 wakatia rangi visimani, baada ya siku 84 ikaonekana inachemka kwenye mchanga wa bahari, wastani wa safari ukahesabiwa kama miezi 15, na 64% ya maji ya vile visima viwili vilivyotiwa rangi yakakadiriwa kutokea palepale kwenye vijichemchemi vya pwani. Mwezi Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 kwa 3, ikasema kupitisha uchafu ardhini kunahitaji kibali kama matokeo yake ni sawa na kuumwaga moja kwa moja, na ikataja mambo saba ya kuangalia, mawili ya mbele yakiwa ni muda wa safari na umbali. Mwaka uliofuata mahakama ya chini ikaamua Lahaina wanahitaji kibali.

Mimi nina wasiwasi na hayo mawili ya mbele yakishikwa na mtu mvivu. Weka Lahaina na Wakulla pamoja uone. Lahaina nusu maili, siku 84. Wakulla zaidi ya kilomita 15, miezi kama miwili. Aliye mbali mara ishirini amefika mapema! Mwanasheria akisimama na ramani na rula akasema mteja wangu yuko mbali na mto, kwenye chokaa hajasema kitu. Kwenye mchanga mzito wenye matope yaliyokosa oksijeni, mita mia mbili zinaweza kuimaliza nitreti kabisa, bakteria wanaigeuza kuwa gesi inarudi hewani. Kwenye pango lenye maji yaliyojaa oksijeni, hao bakteria hawana sababu ya kuigusa. Mahakama imeutaja mwamba kwenye orodha, ni la tatu, ila kwa maoni yangu ungekuwa wa kwanza kwa sababu ndo unaoamua muda, ndo unaoamua kinachopotea, na umbali bila mwamba ni namba isiyo na maana.

Na hapa sisi wa pwani hatuwezi kukaa tukasoma kama habari za watu. Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, Mombasa vilevile, huu ni ndugu wa chokaa ya Florida, una mashimo na mapango, na watu wengi wanatumia karo na vyoo vya shimo huku wanakunywa maji ya visima. Mara moja nilisimama na fundi anayechimba karo la nyumba ya mjomba wangu Unguja. Alipofika kwenye jiwe akapiga sururu ikatoa mlio wa utupu, akatabasamu, akamwaga ndoo mbili za maji. Maji yakazama palepale, hayakuacha hata tope. Akamwambia mjomba, "Mzee hapa umebahatika, karo hili linakula maji, hutaita gari la kunyonya mpaka wajukuu zako." Mjomba akafurahi na mimi nikafurahi, na fundi akaongezewa hela kidogo.

Kwa lugha ya hesabu tuliyopiga hapo juu, fundi alikuwa anatwambia kwamba kinachopotea njiani ni karibu na sifuri. Karo linalojaa haraka linakuudhi na gharama za gari, lakini angalau maji yanakaa na bakteria wanapata nafasi. Karo linalosifiwa mtaani ndo lile lenye bomba chini yake. Ile 50% ya Florida ukiichukua kama ilivyo ukaja kuipachika Kiembesamaki au Likoni utakuwa umemsamehe mtu nusu ya deni bila kuangalia anaishi juu ya nini, na utakuwa umemwonea mwingine mwenye udongo mzito wa kichanga na mfinyanzi unaochuja vizuri kuliko hiyo 50%.

Kwa watu wa Wakulla, ningekuwa mimi ndo mwenye kiwanja cha ekari 1, nisingepoteza muda kubishana kwamba mji ndo ulioharibu, hilo mji wenyewe umeshalilipia. Ningedai vitu viwili kabla sijatoa hela. Cha kwanza nionyeshwe tani, kabla na baada, na upana wake. Cha pili wachimbe visima vya kupimia kati ya mtaa wangu na chemchemi, wapime kloraidi na nitrojeni pamoja, mwaka mzima, mvua na kiangazi, tuone kwa udongo wetu kinapotea kiasi gani. Ikitoka 70, wanipunguzie masharti. Ikitoka 20, basi hata huo mfumo wa 65% unaweza usitoshe, na itabidi tuzungumze habari za bomba.